Penye upepo hapana wajenzi: Mbona kawi ya baharini inawatoa wawekezaji jasho?

DESEMBA 5, 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea zabuni za kujenga mitambo ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo katika maeneo matatu ya Denmark kwenye Bahari ya Kaskazini. Muda ulipotimia, serikali ya nchi hiyo haikuwa imepokea zabuni hata moja.

Tukio hilo liliwaacha wengi vinywa wazi, kwani Denmark ndiyo mama wa teknolojia hii. Ni huko Vindeby, mnamo 1991, ambako mitambo 11 ya kwanza duniani kusimamishwa baharini kwa biashara ya umeme ilianza kazi, ikiwa na uwezo wa jumla usiofika megawati tano. Leo hii, zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Denmark hutokana na upepo.

Isitoshe, upepo wa Bahari ya Kaskazini una nguvu na hauna mchezo wa kupotea kila mara kama ule wa nchi kavu, nayo sakafu ya bahari hiyo haiko mbali sana na uso wa maji. Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Huko Denmark, penye upepo ndipo wajenzi walipokosekana.

Denmark haikuaibika peke yake. Septemba 2023, Uingereza ilitangaza matokeo ya mnada wake wa kawi safi bila kampuni hata moja kuomba mkataba wa upepo wa baharini. Agosti 2025, Ujerumani nayo ilikosa mwombaji wa maeneo yake mawili, na mwezi uo huo kampuni ya Mitsubishi ya Japani ikajiondoa katika miradi mitatu iliyokuwa imeshinda nchini humo.

Kwa hivyo, suala si iwapo upepo upo. Upepo upo tele, tena haulipiwi. Suala ni gharama ya kuutoa upepo huo baharini hadi kwenye balbu ya mteja, na nani atakayeibeba mambo yakienda mrama.

Yafaa kwanza haki itendeke kwa upande wa sifa. Mtambo wa baharini hautoi moshi unapofanya kazi, haunyakui shamba la mtu, na kwa kuwa upepo wa huko hauzuiwi na milima wala majengo, huzalisha umeme kwa saa nyingi zaidi kuliko ndugu yake wa nchi kavu. Hornsea 2, ulioanza kazi kikamilifu Agosti 2022 umbali wa kilomita 89 kutoka pwani ya Yorkshire, una mitambo 165 yenye uwezo wa zaidi ya megawati 1,300.

Lakini bahari haishi zinge, na hapo ndipo matatizo ya kiufundi yanapoanzia. Maji ya chumvi hula chuma, mawimbi hupiga nguzo usiku na mchana, na fundi hawezi kuufikia mtambo ulioharibika hadi bahari itulie. Kosa dogo ambalo nchi kavu lingerekebishwa kwa saa chache laweza kusubiri majuma kadhaa baharini, huku mtambo ukiwa umekaa tu.

Denmark ilijifunza hayo mapema. Mradi wa Horns Rev, wenye mitambo 80, ulizinduliwa mnamo 2002. Kufikia 2004, ililazimu mitambo yote hiyo kurejeshwa ufuoni ili transfoma na jenereta zake zirekebishwe, kwa sababu vifaa hivyo havikuweza kustahimili hali ya huko.

Nyaya zinazolazwa chini ya bahari ni donda jingine. Mnamo 2021, kampuni ya Orsted, ambayo serikali ya Denmark inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake, ilifichua kwamba nyaya katika baadhi ya miradi yake zilikuwa zikisuguana na mawe yaliyowekwa kuzilinda nguzo dhidi ya mmomonyoko. Ilikadiria kuwa huenda miradi 10 ikaathirika, na kwamba ukarabati ungegharimu takriban kroni bilioni tatu.

Kadiri mitambo inavyorefushwa ili izalishe umeme zaidi, ndivyo ajali moja inavyokuwa na kishindo kikubwa. Julai 13, 2024, panga moja la mtambo wa mradi wa Vineyard Wind nchini Marekani, lenye urefu wa mita 107, lilivunjika. Vipande vyake vilisombwa na maji hadi fuo za kisiwa cha Nantucket, ambako baadhi ya fuo zilifungwa wakati wa msimu wa watalii. Mwaka mmoja baadaye, GE Vernova, iliyotengeneza panga hilo, ilikubali kutoa dola milioni 10.5 kuwafidia wakazi wa kisiwa hicho.

Kuna pia suala la gridi. Agosti 9, 2019, radi ilipiga laini ya umeme nchini Uingereza, na mradi wa Hornsea One ukapunguza uzalishaji wake ghafla kutokana na hitilafu katika mfumo wa kudhibiti mitambo. Kituo kimoja cha gesi nacho kilizimika karibu wakati huo huo. Wateja wapatao milioni moja waliachwa gizani na safari za treni zikakwama. Radi hupiga laini kila mara. Hatari ilitokana na umeme mwingi kutegemea mlango mmoja.

Hata hivyo, matatizo ya kiufundi yana dawa, almuradi pesa zipo. Kwenye pesa ndiko mzizi wa fitina uliko.

Kituo cha gesi hununua fueli kidogo kidogo kadiri kinavyouza umeme. Mtambo wa baharini haununui fueli kamwe, lakini sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa kabla ya taa ya kwanza kuwaka: nguzo, mapanga, nyaya, na meli maalumu zenye kreni ambazo ni chache duniani. Fedha hizo aghalabu ni za mkopo. Riba ikipanda kidogo tu, bei ya umeme utakaouzwa kwa miaka 15 au 20 hupanda pamoja nayo.

Kisa cha mradi wa Norfolk Boreas ni ushahidi tosha. Julai 2022, kampuni ya Vattenfall ya Uswidi ilishinda mkataba wa kuiuzia Uingereza umeme kwa pauni 37.35 kwa kila megawati kwa saa, kwa thamani ya sarafu ya mwaka wa 2012. Wanasiasa walishangilia, kwani miaka minane tu awali mradi wa Hornsea One ulikuwa umeahidiwa pauni 140 kwa kipimo hicho hicho.

Shangwe hizo hazikudumu. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya chuma na bidhaa nyingine, nazo benki kuu zikaongeza riba ili kukabiliana na mfumko wa bei. Julai 2023, Vattenfall ilisitisha mradi huo ikisema gharama zilikuwa zimeongezeka kwa hadi asilimia 40. Bei ile ya chini iliyosifiwa magazetini haikumfaa mteja hata mmoja, kwa kuwa mitambo ya mkataba huo haikujengwa.

Orsted nayo ilitangaza mwishoni mwa Oktoba 2023 kwamba imeachana na miradi miwili ya Ocean Wind katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mei 2025 ikasitisha Hornsea 4, licha ya kuwa ilikuwa imeshinda mkataba wake Septemba 2024 kwa bei iliyo juu kuliko ile ya Vattenfall. Kufikia Oktoba 2025, kampuni hiyo ilikuwa imelazimika kuwaomba wenyehisa kroni bilioni 60 ili ijikimu.

Siasa huongeza chumvi kwenye kidonda. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisitisha utoaji wa maeneo mapya ya bahari kwa miradi ya upepo. Agosti mwaka huo, serikali yake ikaamuru ujenzi wa Revolution Wind, uliokuwa umefika mbali, usimame. Mahakama iliuruhusu uendelee mwezi uliofuata, lakini benki zilikuwa zimekwisha kupata funzo: mradi wa miaka 25 waweza kukwama kwa sahihi ya mtu mmoja.

Kero nyingine ya kiuchumi ni kwamba upepo ukivuma, huvuma kwa wote. Mitambo yote ya eneo moja huzalisha kwa pamoja, umeme hufurika sokoni, na bei huanguka, nyakati nyingine hadi chini ya sufuri. Upepo unapotulia, bei hupaa, lakini mwenye mtambo hana cha kuuza. Desemba 12, 2024, juma moja tu baada ya Denmark kukosa wazabuni, upepo ulipotea Ujerumani wakati wa baridi na bei ya megawati kwa saa ikapita euro 900 jioni hiyo.

Kuhusu mazingira, mjadala umejaa kelele kuliko ushahidi, na hapana budi kupepeta chuya na mchele. Nchini Marekani, wapinzani wa mitambo wamedai kuwa inaua nyangumi. Shirika la serikali linalosimamia masuala ya bahari nchini humo limesema hakuna ushahidi unaounga mkono dai hilo. Baadhi ya nyangumi waliochunguzwa walikuwa na dalili za kugongwa na meli au kunaswa na nyavu.

Hayo hayamaanishi kwamba mitambo haina dhambi. Kupigilia nguzo za chuma kwenye sakafu ya bahari hutoa mshindo unaowafukuza pomboo wadogo kutoka maeneo yao. Ndiposa Ujerumani ikaweka kikomo cha kelele hizo, na wajenzi wakaanza kuizungushia nguzo pazia la mapovu ya hewa ili kupunguza makali ya sauti.

Ndege pia huumia, wengine kwa kugongwa na mapanga, wengine kwa kupoteza malisho. Mnamo Februari 2014, awamu ya pili ya mradi wa London Array ilifutwa, moja ya sababu ikiwa ni wasiwasi kuhusu ndege wa baharini wenye koo jekundu ambao hukimbilia eneo hilo wakati wa baridi. Wavuvi nao hupoteza njia na maeneo ya kutega nyavu, ingawa miamba inayowekwa kwenye nguzo huwa maficho ya samaki na kome.

Yote hayo yakiwekwa kwenye mizani pamoja na mafuriko, ukame na magonjwa yanayoletwa na makaa ya mawe na mafuta, madhara ya mitambo ya baharini bado ni mepesi. Kasoro yake kubwa ni ya mpango: serikali zilizoeleka kudhani kwamba bei ingeendelea kushuka daima, zikataka kampuni zibebe hatari yote, nyingine hata zikidai zilipwe kwa ajili ya bahari. Zabuni ya Denmark ya 2024 haikuwa na ruzuku, na ilidai serikali ipewe asilimia 20 ya umiliki.

Uingereza ilijirekebisha mapema. Ilipandisha kikomo cha bei kutoka pauni 44 hadi 73, na katika mnada wa 2024 kampuni zikarejea. Denmark nayo ilitangaza Mei 2025 kwamba iko tayari kutoa ruzuku ya hadi takriban kroni bilioni 55. Tafsiri yake ni kuwa mwananchi atalipa, ama kupitia bili ya umeme au kupitia kodi. Ni heri aambiwe mapema kuliko kuhadaiwa kwamba upepo ni wa bure.

Kwa Kenya, somo hili halihitaji kusafirishwa mbali. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, una mitambo 365 iliyotengenezwa na Vestas ya Denmark, na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mnamo 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Mkenya akajikuta akidaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme usioweza kumfikia. Ujerumani yenyewe ina donda lilo hilo: laini ya SuedLink, ya kupeleka umeme wa upepo wa kaskazini hadi viwanda vya kusini, ilitarajiwa 2022 na sasa inatazamiwa mwishoni mwa 2028.

Kinangop nako, mradi wa megawati 60 ulifutwa mnamo 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa maandamano. Upepo ulikuwepo na wafadhili walikuwepo. Kilichokosekana ni ridhaa ya wenye ardhi.

Kenya haijasimamisha mtambo wowote baharini, wala haina sababu ya kukimbilia huko. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari katika Pwani huteremka haraka kuelekea kina kirefu, na mahali kama hapo huhitaji mitambo inayoelea, ambayo ndiyo ghali zaidi. Mitambo mitano ya kuelea ya Hywind, nje ya Peterhead, Scotland, ililazimika kukokotwa hadi Norway mnamo 2024 kwa matengenezo makubwa, miaka saba tu tangu ianze kazi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mvuke wa Olkaria, jua la kaskazini na upepo wa Marsabit bado havijatumiwa vikamilifu, na usiku mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wanunuzi wa umeme. Siku wawekezaji watakapobisha hodi wakiwa na michoro ya mitambo ya baharini, maswali ya kuwauliza yatakuwa yale yale ambayo Denmark ilichelewa kujiuliza: laini itajengwa na nani, riba ikipanda nani atalipa, na mvuvi ataenda wapi.