Usimwambie Mathe Aache Dawa Ndio Umsafishe Meno

Wadau, leo hakuna vichekesho. Leo niko na hasira, na mtanivumilia.

Mathe ana valvu ya chuma kwa moyo. Utotoni aliugua koo mara nyingi bila kutibiwa vizuri, ugonjwa ukashuka hadi kwa moyo, valvu ikaharibika. Usiku nyumba ikinyamaza unaisikia hiyo ya chuma: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mimi hiyo sauti ndiyo hunipa usingizi. Ili damu isigande pale kwa valvu, yeye humeza warfarini kila jioni, na ataimeza maisha yake yote.

Mwaka jana fizi zake zikaanza kutoa damu akipiga mswaki. Tukaenda kliniki ya meno. Pale kwa dawati, kabla mtu yeyote hajamwangalia mdomo, akaambiwa, "Mama, acha hizo dawa wiki moja kwanza, ndio urudi tukusafishe." Hakuna aliyeuliza anazimezea nini. Hakuna aliyepigia daktari wake wa moyo simu. Na mathe ni wa kizazi cha kutii mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Akaacha.

Siku ya sita, akinimiminia chai, maneno yakamkwama. Mdomo unatembea lakini hakuna kinachoeleweka. Dakika kumi hivi, kisha yakarudi. Hospitalini wakapima INR, ikawa 1.2. Yake inafaa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Akalazwa, akadungwa sindano za kuzuia damu isigande. Na meno? Bado machafu vilevile!

Kwa wasiojua, INR ni kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Asiyemeza hizi dawa huwa karibu na 1. Ikipanda sana, unaweza kuvuja damu. Ikishuka na uko na chuma kwa moyo, unaweza kupata kiharusi. Mathe alishushwa hadi 1.2 kwa sababu ya kusafisha meno tu. Hata si kung'oa!

Sasa najua kuna mtu atasema, "Wewe uliacha kampasi mwaka wa pili, utafundisha madaktari kazi?" Sawa, niliacha. Lakini kusoma sikuacha. Mwongozo wa madaktari wa meno wa Scotland, wa 2015 na ule wa 2022, unasema wazi: mgonjwa wa warfarini apimwe INR ndani ya saa 24 kabla ya kazi ya meno, au saa 72 kama kipimo chake hutulia. Ikiwa chini ya 4, fanya kazi, usisimamishe dawa. Kutoa ugaga kunahesabiwa kati ya kazi zenye hatari ndogo ya kuvuja damu. Na hata wale wanaomeza dawa mpya kama apixaban na rivaroxaban, kwa kazi ndogo kama hiyo kwa kawaida hawaruki hata kidonge kimoja.

Naelewa daktari wa meno anaogopa nini. Hakuna anayetaka mgonjwa arudi usiku akitema damu. Lakini hebu tupime hizo hofu mbili. Damu ya fizi unaiona. Unakunja kitambaa safi cha pamba, unakibana pale, unangoja. Ikikataa kuna kushona, kuna dawa ya kusukutua. Donge la damu likifika kwa ubongo utabana wapi?

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Mtu wa valvu ndiye anahitaji meno safi kuliko mimi na wewe. Fizi zikioza, bakteria huingia kwa damu na zinaweza kukaa kwa valvu. Ndio maana watu kama mathe hupewa antibiotiki kabla ya kusafishwa. Kwa hivyo ukimfukuza hujamlinda, umemrudisha nyumbani na hatari mbili.

Maduka ya dawa, msijifiche, nawaona. Mtu anakuja na jino linauma, mnamfungia Flagyl na Brufen kwa karatasi, kwaheri. Flagyl hupandisha nguvu ya warfarini vibaya sana. Brufen nayo huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Hata ile jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni inagombana na warfarini. Swali ni moja tu: "Unameza dawa gani nyingine?" Kuuliza ni bure.

Na sisi wenye wagonjwa tusikae tu kulaumu. Mpeleke mzazi wako na kitabu chake cha INR. Mkifika, sema kabla ya kuketi: anameza hii, kwa sababu hii, kipimo cha mwisho kilikuwa hiki. Omba nafasi ya asubuhi, mapema kwa wiki, ili damu ikisumbua mpate mtu wa kuwaona. Mswaki uwe laini, na asiache kupiga mswaki eti kwa sababu fizi zinatoa damu. Ugaga ukizidi, damu itazidi. Na akiambiwa aache dawa, uliza, "Umeongea na daktari wake wa moyo?" Kama jibu ni hapana, inuka mwende. Mimi siku ile nilikaa kimya, nikabeba mkoba wake tukaondoka. Hilo ni langu.

Mathe alisafishwa baadaye, kliniki nyingine. INR ilikuwa 2.8, simu moja kwa daktari wa moyo, antibiotiki saa moja kabla, kitambaa cha pamba kwa fizi, basi. Alitoka akilalamika bei tu.

Usiku huo nililala vizuri. Tik, tik, tik.

Kama uko na mzazi au shosh anayemeza hizi dawa, mwonyeshe hii leo.