Mwenda Pole Hajikwai: Neno kwa Wanene Waanzao Mazoezi Nyumbani

Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, tangu Umoja na Kayole hadi Pipeline kule Embakasi, kumezuka desturi ambayo wazee wetu hawakuijua. Mama wa nyumba, au bwana ashindaye ofisini, akiona mwili umemzidi, hufunga mlango, akasukuma makochi ukutani, akaisimamisha simu juu ya meza, kisha akaanza kurukaruka akimfuatisha kijana mwembamba wa ng'ambo anayemhimiza kutoka katika kioo. Siku ya tatu magoti yamevimba. Siku ya tano jirani wa ghorofa ya chini amekuja kugonga mlango. Siku ya saba mazoezi yamekwisha, na makochi yamerudi mahali pake.

Wako wanaolicheka jambo hili. Kwa maoni yangu hakuna la kuchekesha hapa. Mtu aliyeamua kuushughulikia mwili wake amefanya jambo la busara, na anastahili kupewa shauri jema, si dhihaka.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tunaujua unene kwa sura nyingine. Kwetu mwanamke aliyenenepa husemwa amenawiri, na mume mwenye kitambi husemwa mkewe anajua kupika. Mwanamwari hufichwa ndani akalishwa ili atoke ameng'ara. Mila hii ina uzuri wake, lakini ilizaliwa zamani za watu waliotwanga, waliochota maji, waliokwenda shamba na kurudi kwa miguu. Leo maji yako bombani, matatu iko mlangoni, na mahamri, viazi karai na chai ya sukari nyingi vimebaki vilevile. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008-09 ulikuta kwamba wanawake 25 katika kila 100 nchini Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliopita kiasi. Ule wa 2014 ukakuta 33. Na pamoja na uzito huo huja shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari, maradhi ambayo hakuna ukoo miongoni mwetu usioyajua.

Kwa nini basi watu wafanyie mazoezi nyumbani? Sababu zipo. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa katika miaka ya 1940, ziliachiwa viwanja vya majani baina yake. Majumba marefu ya Pipeline yamesongamana hata jua halifiki chini. Mwanamke wa Majengo au Eastleigh avaaye buibui hana mahali pa faragha pa kukimbilia, na njiani kuna macho na maneno. Kisha ulikuja ugonjwa wa korona. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali iliamuru kwa pamoja kwamba mtu asiingie wala asitoke katika Eastleigh na katika Mji wa Kale wa Mombasa. Siku hizo kumbi za mazoezi zilikuwa zimefungwa, na mtu hakuwa na uwanja ila sebule yake.

Basi ubaya hauko katika kufanyia mazoezi nyumbani. Ubaya uko katika kipimo. Mwaka 2009 ilitoka Marekani programu ya siku 60 iitwayo Insanity, yaani wazimu, na nyingi zilizofuata zimeiga mtindo wake: ruka, chuchumaa, ruka tena, usipumzike. Ama zile dakika nne zinazosifiwa sana, sekunde 20 za nguvu zote na sekunde 10 za kupumzika, mara nane, zinaitwa kwa jina la mtaalamu wa Kijapani, Izumi Tabata, aliyetangaza utafiti wake mwaka 1996. Lakini ni wachache waulizao aliwafanyia nani majaribio hayo. Aliwafanyia vijana wanafunzi wa michezo, wenye miili iliyokwisha kuzoea, nao walikanyaga baiskeli zisizokwenda. Hawakuwa mama wa watoto wanne mwenye kilo 98 anayeruka juu ya sakafu ya saruji.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mazoezi ya kasi ni haramu kwa mwili mzito. Huko Trondheim, nchini Norway, madaktari walitangaza mwaka 2007 kwamba walikuwa wamewapa mazoezi ya kasi kwa vipindi wazee wenye moyo dhaifu, umri wao wa wastani miaka 75, na mioyo yao ikapata nguvu. Lakini je, waliwarusharusha? Hasha! Waliwatembeza katika mashine yenye mwinuko, dakika nne za haraka, kisha dakika chache za pole, na wataalamu wamesimama kando.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Kasi hupimwa kwa moyo wa mwenyewe, haipimwi kwa miguu ya mwalimu wa kwenye simu. Kwa kijana mwembamba, kupanda ngazi hadi ghorofa ya tano ni mchezo. Kwa mtu mwenye kilo 110, ngazi zizo hizo ni mazoezi makali kamili: moyo unapiga, jasho linatoka, pumzi inapaa. Mtu huyo hana haja ya kuruka ili aitwe amefanya mazoezi. Amekwisha kuyafanya akirudi na kikapu kutoka sokoni.

Na magoti yana hesabu yake. Watafiti wa Marekani walioangalia wazee wanene wenye maumivu ya magoti walieleza mwaka 2005 kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Ikiwa hatua ya kawaida ina hesabu hiyo, fikiria mruko. Goti likishaharibika, hata kuinuka katika sijida huwa taabu, na mtu aliyetaka afya huishia kusali juu ya kiti.

Afanyeje basi mwenye kuanza? Kwanza apite zahanati, apimwe shinikizo la damu na sukari. Mwenye kutumia dawa za sukari amwulize daktari kabla ya yote, maana mazoezi huishusha sukari, na ikishuka mno ni hatari. Kisha aanze na dakika 10 za kutembea, baada ya sala ya alfajiri kukishapambazuka, au ndani kwa kupiga hatua papo hapo bila kuruka. Aketi kitini na kuinuka mara nane au kumi. Ausukume ukuta kwa mikono. Kipimo chake kiwe ulimi: akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, amefika panapotakiwa. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kuacha mara moja na kumwona daktari.

Kila wiki aongeze kidogo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini hapana aliyesema zipatikane wiki ya kwanza. Baada ya miezi miwili au mitatu, mwili ukizoea, ndipo aingize kasi: nusu dakika ya haraka, dakika mbili za pole, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Na mwezi wa Ramadhani apunguze, afanye baada ya futari, tumbo likishatulia.

Lililobaki ni letu sisi wa nyumbani. Mume asimwambie mkewe kwamba anajisumbua bure. Mawifi wasiulize kama anaumwa kwa kuwa amepungua mashavu. Watoto wasimcheke mama yao akiinuka kitini mara kumi. Wala mwenye kuandaa asione ametukanwa mgeni akikataa chapati ya tatu. Wengi hawakushindwa na mazoezi; walishindwa na maneno ya sebuleni.

Mwili ni amana, na amana hairudishwi imevunjika. Unene haukuja kwa siku 60, wala hauna sababu ya kuondoka kwa siku 60. Mwache kijana wa kwenye simu aruke apendavyo. Wewe, dada yangu wa Kayole na kaka yangu wa Shauri Moyo, inuka kitini leo mara nane. Kesho inuka tena.