Bima ya gari: Mgogoro wa vipuri huanzia kwenye mkataba, si gereji

GARI dogo linapogongwa na lori Nanyala, wilayani Mbozi mkoani Songwe, swali la kwanza huwa ni usalama wa waliokuwamo. Swali la pili, ambalo huweza kuchukua wiki kadhaa kujibiwa, ni la fedha: nani atalipia matengenezo, na gari litafungwa vipuri vya aina gani?

Nanyala ipo kando ya barabara kuu ya TANZAM, katika kipande cha kati ya Mbeya na Tunduma. Usiku na mchana hupita hapo malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakigawana lami na mabasi, magari madogo na bodaboda.

Kwa hiyo mvutano kati ya wenye magari na kampuni za bima kuhusu vipuri halisi, maarufu kama orijino, na vipuri mbadala si jambo la Dar es Salaam pekee. Lakini ukichunguzwa kwa makini, mvutano huo hauanzii gereji. Huanzia siku mteja anapokata bima bila kujua ameahidiwa nini.

Bima ndogo na bima kubwa

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima ya kufidia watu wengine atakaowadhuru. Hiyo ndiyo inayojulikana mitaani kama bima ndogo. Haitengenezi gari la aliyeikata.

Anayetaka gari lake mwenyewe litengenezwe hana budi kukata bima kubwa. Kwa gari binafsi, kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, kabla ya kodi. Gari lenye thamani ya Sh20 milioni litalipiwa Sh700,000. Si ajabu kwamba wapo wenye magari wanaoona kiasi hicho ni mzigo na kuishia kwenye bima ndogo.

Mwenye bima ndogo akigongwa na mtu mwingine, hulazimika kudai kwa kampuni ya bima ya aliyemgonga. Ikiwa aliyemgonga ni dereva wa lori la nchi jirani lenye Kadi ya Njano, dai hupitia mpango huo wa COMESA, ambao Tanzania imeendelea kuwamo licha ya kujitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.

Tofauti ni kwamba mdai wa namna hiyo hana mkataba na kampuni inayomlipa. Hawezi kufungua ukurasa wa mkataba na kuonyesha kifungu. Anachobaki nacho ni haki ya kufidiwa hasara aliyosababishiwa, na ushahidi wa jinsi gari lake lilivyokuwa kabla ya ajali.

Orijino ni neno lenye maana nyingi

Sehemu kubwa ya ugomvi inatokana na neno orijino kutumika kiholela. Katika maduka ya vipuri, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi miji ya mpakani, zipo walau aina nne za bidhaa.

Ya kwanza ni kipuri kipya kinachouzwa kwa nembo ya mtengenezaji wa gari. Ya pili ni kile kilichotengenezwa na kiwanda kinachomuuzia mtengenezaji huyo, lakini kikauzwa kwa nembo ya kiwanda chenyewe. Kampuni za Kijapani Denso na Koito, kwa mfano, hutengeneza vifaa na taa zinazofungwa kwenye magari ya Toyota yakiwa bado kiwandani.

Ya tatu ni kipuri mbadala, kinachotengenezwa na kiwanda kisicho na uhusiano na mtengenezaji wa gari. Taa nyingi za namna hiyo duniani hutoka Taiwan, kwa kampuni kama Depo na TYC. Ya nne ni mtumba, yaani kipuri kilichotolewa kwenye gari lililokwishatumika.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Boneti la mtumba lililotoka kwenye gari la Japani ni orijino lakini si jipya. Boneti mbadala ni jipya lakini si orijino. Kampuni ikisema imelipia boneti jipya, na mteja akasema hakupewa orijino, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Kundi la tano ni vipuri feki, na halipaswi kuchanganywa na vipuri mbadala. Kipuri mbadala hubeba jina la aliyekitengeneza, ilhali feki huiba jina la mwingine. Biashara hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini.

Si kila kipuri kina uzito sawa. Kioo cha pembeni au ukingo wa bampa wa plastiki ukiwa mbadala, hasara kubwa inaweza kuwa mwonekano na mikao isiyolingana. Lakini chuma kilicho nyuma ya bampa, vifaa vya usukani, breki, mikanda na eabegi vimewekwa ili vifanye kazi kwa namna maalumu wakati wa mgongano. Eabegi iliyofumuka haipaswi kurudishiwa ya mtumba ambayo haijulikani ilipitia nini, wala dashibodi kuzibwa ili ionekane nzima.

Hoja za pande mbili

Kampuni za bima zina hoja yenye nguvu. Msingi wa bima ya mali ni fidia: kumrudisha mteja alipokuwa kabla ya ajali, si kumtajirisha. Gari lenye umri wa miaka 15 likifungwa vipuri vipya vya mtengenezaji kila mahali, gharama inaweza kukaribia au kupita thamani ya gari lenyewe. Mkadiria hasara atasema halifai kutengenezwa, na mwenye gari atapewa fedha badala ya usafiri aliouzoea.

Mwenye gari naye ana hoja. Alilipa bima kwa thamani kamili ya gari lililokuwa na vipuri vya kiwandani. Kipuri mbadala kikimwokolea fedha mlipaji, huku hatari ya kutokaa vizuri au kuchakaa mapema ikibaki kwa anayeendesha, hajarudishwa alipokuwa.

Kwa mkazi wa Nanyala kuna jambo la ziada, ambalo ni umbali. Kipuri kisichopatikana Tunduma au Mbeya huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Kila siku ya kusubiri ni siku ambayo gari la biashara haliingizi kitu. Wapo wanaokubali kipuri kilichopo mkononi kwa sababu hawawezi kusubiri, bila kuwa wameridhika nacho.

Funzo kutoka Marekani

Kesi iliyovuma zaidi kuhusu suala hili ilisikilizwa katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya bima ya State Farm iliamriwa kulipa takriban dola bilioni 1.2 kwa wateja waliolalamika kwamba magari yao yalitengenezwa kwa vipuri mbadala vya hadhi ya chini.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Illinois iliutengua. Pamoja na mambo mengine, iliona kwamba maneno ya mikataba ya wateja hao hayakuwa ya aina moja, na kwamba ahadi ya kulirudisha gari katika hali yake ya awali haikuwa lazima iwe ahadi ya kutumia vipuri vya mtengenezaji pekee.

Funzo kwa mwenye gari wa Songwe ni kwamba mkataba ukikaa kimya kuhusu aina ya kipuri, malalamiko ya baadaye husimama kwenye udongo laini. Majimbo mengi ya Marekani yamechukua njia nyepesi zaidi: makadirio ya matengenezo lazima yamweleze mteja kwa maandishi pale kipuri mbadala kinapotumika.

Hatua hiyo haihitaji mabilioni. Fomu ya makadirio ya gereji ikiwa na safu moja ya ziada, inayotaja kama kila kipuri ni cha mtengenezaji, mbadala au mtumba, mteja na kampuni watabishana kabla ya kazi kuanza, si baada ya rangi kukauka.

Kwa sasa mteja ana nafasi tatu za kujilinda. Ya kwanza ni wakati wa kukata bima, anapoweza kuuliza aina ya vipuri na kutaka jibu liandikwe. Ya pili ni makadirio yanapotolewa, kabla hajayakubali. Ya tatu ni kabla ya kusaini hati ya kukiri kwamba dai limemalizika, kwa sababu sahihi hiyo ndiyo itakayoonyeshwa akirudi kulalamika.

Asiporidhika na majibu ya kampuni, anaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chombo kilichowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko ataulizwa nakala ya mkataba, ripoti ya polisi, picha za gari na makadirio ya gereji. Asiye na karatasi hizo atakuwa na maneno matupu, hata kama taa iliyofungwa inaonekana wazi kwamba si ile aliyokuwa nayo.