Kitabu Kikiwa Picha, Kimefungwa

Leo nataka tuongee kuhusu imani, vitabu na haki, na msishangae kwamba maneno haya yanatoka kwa mtu wa kompyuta. Mimi huandika programu na kutengeneza tovuti, na naona haki ikikanyagwa humo kimyakimya.

Tazama tovuti nyingi za makanisa na misikiti yetu. Ratiba za ibada, mahubiri, vijitabu vya mafunzo, vyote vimepitishwa kwenye skana na kubandikwa kama picha. Wewe unayeona unasoma bila taabu. Lakini asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na programu hiyo inataka maandishi. Ikikuta picha isiyo na maelezo, hunyamaza au humtajia jina la faili tu. Ni kweli siku hizi kuna programu za kutambua herufi ndani ya picha, ila hukosea, hasa ukurasa ukiwa hafifu. Kwa nini mtu abahatishe neno la Mungu?

Mtaniambia ni gharama. Gharama gani? NVDA, programu ya kusoma skrini, ilianza mwaka 2006 kwa kazi ya Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na hutolewa bure. Kwetu sisi mafundi, maelezo ya picha huandikwa ndani ya HTML kwa neno moja, alt, kisha sentensi fupi. Mwongozo wa W3C umetaka hivyo tangu 1999.

Sheria nayo haina kisingizio. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unaruhusu taasisi zinazohudumia wasioona kutengeneza nakala za vitabu wanazoweza kusoma, bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Na imani je? Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Katika Kurani, sura ya 80, Abasa, inaanza na kisa cha kipofu aliyekuja kutafuta mafunzo. Kwa hivyo, kuyaweka mafundisho hayohayo kwenye ukurasa ambao kipofu hawezi kuusoma ni kujipinga wenyewe.

Mimi naona huu si ufundi wa ziada wa kuongezwa pesa zikibaki. Ni kazi yenyewe. Kama wewe ni mzee wa kanisa au uko kwenye kamati ya msikiti, kabla hujamlipa fundi wa tovuti, mwambie azime skrini kisha aisikilize kazi yake mwanzo hadi mwisho. Asiposikia kitu, asilipwe bado.

Ama mwaonaje?