Malaika Hakulipa Deni

Kila Desemba zinarudi zile makala za mafunzo ya maisha kutoka kwenye filamu za Krismasi. Uwe mwema. Shukuru kwa ulichonacho. Jipe muda wa kupumzika. Na filamu isiyokosekana humo ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946. James Stewart anaigiza George Bailey, mtu mwema anayetaka kujiua usiku wa mkesha wa Krismasi, na malaika anamwokoa kwa kumwonyesha mji wake ungekuwaje kama asingezaliwa. Somo, tunaambiwa, ni kwamba wema hauozi. Umechoka? Wakumbuke wote uliowafaa.

Mimi nasema hilo ni somo baya, na filamu yenyewe haikulifundisha.

Mfuate George tangu mwanzo. Ana miaka 12 anapojitosa kwenye maji ya barafu kumtoa mdogo wake Harry, na sikio lake la kushoto halisikii tena. Anapanga kwenda chuo na kuzunguka dunia. Baba anafariki, na bodi ya chama cha akiba na mikopo alichokiacha mzee (saccos kabisa, ukiangalia vizuri) inasema itakivunja asipobaki yeye kukiongoza. Anabaki. Fedha zake za chuo anampa Harry, kwa makubaliano kwamba Harry akihitimu atarudi kumpokea kijiti. Harry anarudi na mke, na baba mkwe ameshamwahidi kazi kwingine. Siku ya harusi ya George mwenyewe, wanachama wanafurika ofisini kudai akiba zao. Yeye na mkewe Mary wanawagawia fedha za fungate, dola 2,000. Jioni zimebaki 2.

Aliyezaliwa kifungua mimba hahitaji kutafsiriwa filamu hii. Anaijua hata bila sauti.

Kisha inafika ile Krismasi. Billy, ndugu wa baba yake, anapoteza dola 8,000 za chama wakati akienda kuziweka benki. Zimeangukia mikononi mwa Potter, tajiri wa mji, naye ananyamaza. George anafika nyumbani, anawafokea watoto, anamtukana mwalimu wa binti yake kwenye simu, anapiga teke meza yenye vielelezo vya madaraja aliyotamani kuyajenga. Hapo Capra hakumpamba. Huo ndio uchovu ninaoujua: hauji na machozi ya kupendeza, unakuja na ukali kwa watoto wasio na kosa.

Sasa angalia malaika Clarence anavyoanza kazi. Anajirusha mtoni, akijua George hawezi kumwona mtu anazama akaendelea na shida zake. Kwa hiyo hata usiku alioamua kufa, mtu huyu anapangiwa zamu nyingine ya uokoaji! Halafu anaonyeshwa ule mji usio na yeye. (Katika mji huo balaa lililompata Mary ni kwamba hakuolewa na anafanya kazi maktaba. Niliitazama na rafiki zangu wawili wakutubi. Tulilazimika kusimamisha filamu tucheke kwanza.)

Sidharau kazi ya Clarence. Bila yeye George angekuwa mtoni, na mtu aliye ukingoni anahitaji kwanza wa kumzuia. Lakini George anaporudi nyumbani akishangilia, wanaomsubiri ni mkaguzi wa benki na polisi mwenye hati ya kumkamata. Maono hayajapunguza deni hata senti moja. Furaha anayo, na jela anakwenda.

Aliyemtoa hapo ni Mary. Wakati mume yuko darajani, yeye amewaambia watu wachache kwamba George yuko taabuni, nao wametawanyika mji mzima kuchangisha. Wanaingia na kapu la noti. Annie, mtumishi wa nyumba, analeta akiba aliyojiwekea, kwa maneno yake, ya kumpa talaka mume iwapo atampata. Sam, rafiki wa zamani, anatuma simu ya maandishi kwamba George anaweza kuchukua hadi dola 25,000. Mkaguzi naye anachangia. Hati ya polisi inachanwa. Katika sebule ile yote hakuna aliyekuja na ushauri.

Sisi watu wa michango tunapaswa kuliona hilo kabla ya Wamarekani. Harusi tunaichangia kwa kamati, mweka hazina na vikao. Msiba tunauchangia kabla jeneza halijafika. Lakini anayelipa ada za wadogo zake watatu kwa mshahara mmoja tunamtumia picha ya waridi yenye maneno ya faraja, na mwajiri wake anamwandalia semina ya afya ya akili siku ya Jumamosi, yaani siku aliyokuwa alale.

Hata Dickens, mwaka 1843, alilijua hili: Scrooge akishabadilika, anamwongezea karani wake mshahara na kumwambia aongeze makaa kwenye moto. Afadhali hayo kuliko The Holiday ya 2006, ambamo dawa ya mwanamke aliyechoshwa na kazi ni tiketi ya kwenda Uingereza na Jude Law kubisha hodi.

Mwaka 1947 FBI waliiandikia ripoti filamu ya Capra, wakihofia kwamba inawachafua wenye mabenki. Walikosea mengi, ila angalau walitambua kwamba kwenye hadithi yumo mwenye fedha. Makala za Desemba humkuti.

Potter hakukamatwa. Zile dola 8,000 bado anazo. Sikukuu ikiisha ofisi itafunguliwa, George ataketi kwenye meza ile ile, na mtu wa kupeleka fedha benki, kwa kadiri tulivyoonyeshwa, bado ni Billy.