Binti akiitwa kuomba kazi ya kufundisha baleti



Kwetu tukisema baleti tunafikiri kikundi cha ngoma za asili. Lakini kuna shule na vituo vya utamaduni vinavyotafuta mwalimu wa baleti ya Ulaya kwa watoto. Binti akiitwa kwa mahojiano, tumsaidie tangu nyumbani.

Kwanza, aulize mapema: ni baleti gani? Watoto wa umri gani, na wangapi? Sakafu ni ya mbao ao ya simenti? Kurukaruka juu ya simenti kunaumiza magoti na mgongo wa mtoto.

Pili, ajitayarishe kufundisha, si kucheza tu. Mara nyingi wataomba somo dogo mbele yao. Sisi walimu tunajua: aandike karatasi ya matayarisho. Kusudi moja, kupasha mwili moto, mazoezi ya kushikilia mti wa ukutani, mazoezi ya katikati ya sakafu, kisha kutuliza mwili. Maneno ya baleti ni ya Kifaransa, kwani mfalme Louis XIV wa Ufaransa alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661. Hapo mabinti zetu wana faida: «plié» ni kukunja, «tendu» ni kunyoosha.

Tatu, maswali. Mzazi akitaka mtoto wa miaka 7 asimame juu ya ncha za vidole? Ajibu: bado, mifupa ingali inakua, walimu wengi wanangoja karibu miaka 11 ao 12, tena miguu iwe na nguvu. Mtoto akikosea, atamrekebisha namna gani? Kwa maneno na kwa kuonyesha. Akihitaji kumgusa, amuombe ruhusa.

Nne, mshahara. Aulize bila haya: analipwa kwa saa ao kwa mwezi? Wakati wa likizo je? Mkataba uandikwe. Akiitwa usiku, ao nyumbani kwa mtu, asiende. Anayeomba mwili wa binti kabla ya kumpa kazi hana kazi ya kutoa. Binti atuambie; hatutamlaumu yeye.

Siku ya posho, mwenye binti anayejitayarisha amlete kwenye mkutano. Tutakaa kama wakubwa wa shule, tumuulize maswali, kisha atufundishe dakika 10. Magoti yetu yamechoka, lakini kukunjika yatakunjika.