Farasi Ana Nasaba, Saisi Hana Mkataba

Nenda ukanunue farasi wa michezo, chotara wa Thoroughbred na wale wa Ulaya wanaoitwa wa damu vuguvugu. Muuzaji haanzi na miguu wala meno. Anaanza na ukoo: baba nani, babu nani, mama alizaa nani kabla ya huyu. Thoroughbred wameandikwa kitabuni Uingereza tangu 1791, na upande wa madume wote wanarudi kwa farasi watatu tu. Mmoja, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, akafikishwa Uingereza 1704. Zaidi ya miaka 300, na karatasi haijapotea. Hata mbegu za dume wa damu vuguvugu hugandishwa na kupanda ndege, na kila mrija una jina la mwenyewe.

Sasa teremka nami Kwale.

Kuna Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu hapa hapa, na Kenya ikawaambia haiwajui. Bila kitambulisho huna akaunti ya benki wala laini ya simu kwa jina lako. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais, ndipo mambo yakafunguka. Wapemba wa Pwani walisubiri hadi 2023.

Usiniambie hizi ni habari mbili. Ni moja: kuandika tunajua, ila tunachagua nani wa kuandikwa.

Pale Diani utamwona farasi ufukweni, mtalii juu, saisi chini ameshika hatamu, jua kali. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo usiku, saisi ndiye anayemtembeza hadi alfajiri. Mbung'o wa Shimba Hills analeta nagana, visubi wanaleta tauni ya farasi, na wa kwanza kugundua kwamba mnyama hajagusa majani ni yeye. Siku ya kuuza, karatasi itamtaja mzalishaji na mmiliki. Aliyemlea? Kimya.

Najua jibu: "Wacha wivu, bro, farasi wanaleta kazi." Kweli, kazi ipo, na sina ugomvi na farasi wala na mwenye kumzalisha. Lakini kazi isiyo na mkataba ni fadhila, na fadhila huisha watalii wakipungua. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu na zaidi. Hilo halihitaji maandamano mengine hadi Nairobi. Linahitaji kalamu ileile inayojaza jina la babu wa farasi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu: mkataba, michango ya NSSF na SHA, na jina la saisi kwenye karatasi ya mauzo, ili akienda kutafuta kazi kwingine awe na ushahidi wa alichokijenga.

Nawe unayelipa upigwe picha juu ya farasi Diani, kabla hujapanda, muulize aliyeshika hatamu anaitwa nani. Kisha muulize bosi wake jina hilo limeandikwa wapi.